Sababu ya Kurudisha Pesa

Magid hakuwa na mkataba wa kazi. Hakuwa na likizo, wala siku ya kuugua. Hakuwa na akiba; ile ndogo aliyokuwa nayo ilikwisha mwezi uliopita kwa kulipa deni la shemeji yake. Hakuwa na shati la kuendea ofisini zaidi ya lile la Ijumaa, na asubuhi hiyo hakuwa na sabuni ya kulifulia, kwa sababu kipande kimoja dukani kwa jirani kilikuwa kimepanda bei mara mbili tangu mfungo. Hakuwa na mke wa kumshauri. Wa kwanza alifariki, wa pili alirudi kwao Iganga. Hakuwa na mtu anayemjua serikalini. Kitu kimoja alichojivunia kutokuwa nacho ni deni.

Kazi yake ilikuwa katika kinu cha mahindi pale Bugembe, kushusha magunia kutoka kwenye malori na kusimamia unga ukitoka. Umri ulikuwa umepita hamsini, na vumbi la unga lilimkaa kwenye nyusi hata akioga mara mbili. Asubuhi ile, kabla injini haijawashwa, alimwomba msimamizi ruhusa ya siku moja na malipo ya wiki mbili mbele. Msimamizi alisema ruhusa aichukue, ila siku hiyo haitalipwa. Kuhusu malipo ya mbele alicheka tu, akamwuliza kama ameona bei ya dizeli ilivyoandikwa pale kituoni. Magid alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mzani, kisha akavuka barabara kutafuta gari la Jinja.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Dada yake mkubwa, Nulu, alifiwa na mumewe Adrisi kule Mbale, mtaa wa Nabuyonga, na sasa alikuwa amekaa eda, hatoki nje ya nyumba. Binti yao Habibah alikuwa kidato cha nne, na jina lake lilikuwa bado halijaandikishwa kwa mtihani wa mwisho kwa sababu ada haijalipwa. Mwalimu mkuu alisema orodha inafungwa kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Asiyekuwemo angoje mwaka ujao. Ada yenyewe ilikuwepo. Ibra, kaka yake Habibah, aliituma kutoka Doha, ikafika salama kwenye simu ya baba yao, na siku iliyofuata laini ile ikafungwa na pesa zikiwa ndani.

Miaka ya kwanza Ibra alikuwa akipanga foleni kwenye kaunta ya kutuma pesa. Kaunta ilikata sehemu yake kule, na huku Mbale waliochukua walikatwa tena katika kubadilisha dola. Baadaye wenzake walimwonyesha njia ya kutuma kutoka simu mpaka simu, ambayo gharama yake haifiki bei ya kilo ya sukari. Marehemu Adrisi aliisifu sana njia hiyo alipokuwa hai. Aliwaambia watu msikitini kwamba ni rahisi kwa sababu hakuna mtu katikati.

Hapo ndipo mambo mawili yalipogongana, na yote mawili yalifanywa kwa moyo mwema.

La kwanza, Ibra alikuwa hajaambiwa kwamba baba yake amekufa. Kazi yake ilikuwa kusafisha vioo vya maghorofa akiwa amening'inia kwenye kamba. Wanubi wa Mbale na Bugembe, jamaa zake Magid, wajukuu wa askari wa zamani waliotoka Sudani, hawana desturi ya kumrushia mtu habari ya kifo akiwa peke yake ugenini. Mtu huketishwa kwanza. Watu wazima wawili watatu humkalia karibu, maji huwekwa, ndipo huambiwa. Kwa hiyo familia ilikubaliana kungoja Desemba, atakapokuja likizo, na imamu aliwaomba watu wasiiweke habari hiyo kwenye simu zao. Ibra alipopiga, aliambiwa baba bado anaumwa koo na sauti haitoki. Na kweli Adrisi alikuwa ameumwa koo.

La pili lilikuwa deni. Siku ya maziko sheikh aliita mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Waliojitokeza walilipwa. Lakini baada ya wiki, simu ya marehemu ilianza kuita na kupokea ujumbe: Adrisi, lipa mkopo wako. Nulu hakuweza kuswali kwa utulivu huku mumewe akidaiwa. Mkopo ule wa simu ungeweza kulipwa kwa kubonyeza, na Nulu aliijua nambari ya siri. Magid ndiye aliyekataa. Kwake yeye deni la maiti hulipwa mkononi mwa mtu, mbele ya mashahidi, na huyo mtu atamke kwa kinywa chake kwamba ameridhika. Alivaa shati la Ijumaa, akachukua wazee wawili wa msikiti wa Bugembe, wakaenda ofisi ya kampuni ya simu Jinja. Aliweka pesa mezani mbele ya msichana wa kaunta, akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwenye laini amefariki na wao wanamlipia.

Sasa alikuwa amerudi katika ofisi ileile, amekaa kwenye benchi, na shati lilelile. Zamu yake ilipofika alijikuta mbele ya msichana yuleyule. Kibandiko kifuani mwake kiliandikwa Gorreti. Alisoma kwenye skrini bila kuinua kichwa, akasema mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho.

"Nyabo, mwenye laini amefariki," Magid alisema, akimwita bibie kwa adabu ya Kiganda.

"Naona. Imeandikwa hapa. Ndiyo maana imefungwa."

"Nani aliandika?"

Gorreti alimtazama vizuri, akamkumbuka. "Wewe ulituambia, mzee. Ulikuja na watu wawili, mkataka niseme nimesamehe."

"Na ulisema."

"Nilisema. Deni limefutika kabisa."

Mtu mmoja nyuma kwenye foleni, kijana mwenye kofia ya boda mkononi, alisema, "Mzee, ungenyamaza marehemu angekuwa hai mpaka leo." Watu walicheka. Magid naye alitabasamu kidogo, kwa sababu kukasirika kungempotezea zamu.

Gorreti hakuwa mtu mbaya. Alimweleza polepole. Njia ya kwanza ilikuwa korti: familia iombe barua ya usimamizi wa mali ya marehemu, tangazo litoke gazetini, wangoje miezi, na wakili alipwe. Magid alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nikileta pesa kwa niaba ya marehemu," aliuliza, "ulinidai barua ya korti?"

"Kulipa hakuna barua, ssebo. Kuchukua ndiko kwenye barua."

Alilisema bila dharau, kama mtu anayetaja bei ya unga. Kisha akashusha sauti, akataja njia ya pili. Pesa zilikuwa bado hazijaguswa, kwa hiyo zingeweza kurudishwa kwa aliyezituma. Kuna fomu. Mjane aweke dole gumba, mwenyekiti wa mtaa apige muhuri, kisha fomu ipelekwe ofisi yao ya Mbale kabla haijafungwa saa kumi na moja. Wakibonyeza leo, pesa zinamfikia mtumaji leo, naye anaweza kuzituma upya kwa nambari nyingine. Kesho asubuhi ada imelipwa.

Magid alihisi kifua kimemfunguka. Aliichukua fomu, akaanza kuisoma kwa kidole. Katikati palikuwa na mstari ulioandikwa Sababu ya Kurudisha, na sababu ilikuwa imeshachapwa: Mpokeaji amefariki.

"Hii ya hapa," alisema, "mtumaji ataiona?"

"Inamwendea kwenye simu pamoja na pesa. Lazima ajue kwa nini zimerudi."

"Yeye hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba baba yake amekufa."

Gorreti aliweka kalamu chini. Magid alimwomba aandike kwamba nambari ilikosewa. Alijibu kwamba mashine itakataa, kwa maana imeshaambiwa mwenye laini amekufa na haiwezi kuambiwa vingine. Magid alimwuliza ujumbe unafika saa ngapi, ili angalau umkute kijana akiwa chumbani. Gorreti alisema hilo haliko mikononi mwake. Unaweza kufika papo hapo, unaweza kukaa saa kadhaa, mashine ikitaka.

Magid aliikunja fomu akaitia mfukoni. Hili halikuwa jambo la kumwambia Nulu kwa simu.

Nauli ya Mbale ilikuwa imepanda tena, na kondakta alisema ni mafuta, kama walivyosema wote. Saa nane na nusu Magid alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha mwenyekiti wa mtaa, bwana Mugweri, mtu mnene aliyekuwa akila muhogo wa kukaanga na kuangalia mpira kwenye televisheni ndogo. Magid alimsalimia kwa Kiswahili.

"Nyinyi Wanubi," Mugweri alisema kwa uchangamfu, "mkiwa na shida mnaleta Kiswahili. Zamani mlikuwa mnaleta na bunduki. Sema, afande."

"Mimi ni wa kinu, mwenyekiti. Bunduki sijawahi kushika."

"Hata babu yako?"

"Babu yangu alishika. Na muhuri wako alikuwa hauhitaji."

Mugweri alicheka mpaka akakohoa. Lakini kicheko hakikupunguza kitu. Alidai ada ya muhuri, elfu ishirini. Alidai pia mchango wa ulinzi wa mtaa ambao marehemu, kwa maneno yake, aliacha kulipa miezi miwili ya mwisho. Magid alisema miezi hiyo miwili marehemu alikuwa kitandani halafu kaburini. Mwenyekiti alijibu kwamba ulinzi ulikuwepo vilevile. Walivutana, mchango ukapunguzwa nusu, muhuri haukupunguzwa. Fomu ilisema mwenyekiti athibitishe kwamba ameona kwa macho yake mjane akiweka dole. Mugweri alipiga muhuri hapo palipokuwa patupu, akatia sahihi, akampa Magid kidau cha wino akaweke dole nyumbani, na kidau nacho kilikuwa na bei yake.

Nyumba ya marehemu ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Nulu alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, amejifunga shuka jeupe, bila hina wala bangili. Habibah alikuwa bado na sare ya shule. Alikuwa amerudi mapema kungoja mjomba wake. Palikuwa na mgeni pia, Shakul, kijana wa mtaa huohuo, ambaye Doha aliishi kambi moja na Ibra, chumba cha tatu kutoka kwake. Likizo yake ilikuwa imekwisha. Alikuja kuaga, basi lake la kwenda uwanja wa ndege lingeondoka jioni ile.

Magid alikunywa maji, akaeleza yote, bila kuficha. Alipofika kwenye njia ya pili, Habibah alikuwa amekwisha simama.

"Basi twende, mjomba. Saa tisa na nusu hii. Kwa miguu tunafika."

"Kaa," Nulu alisema. Alinyoosha mkono, akapewa fomu. Hakujua kusoma sana, akamwomba bintiye amsomee ule mstari wa katikati. Habibah alisoma. Aliposoma sauti yake ilipungua, lakini alimaliza.

Magid alikuwa njiani kutwa akitafuta la kusema, na alilisema sasa. Alisema huenda ujumbe ukamkuta Ibra ameketi. Alisema kijana si mtoto. Alisema mwaka mmoja wa shule kwa msichana ni mrefu, na wengi wakikaa nyumbani hawarudi tena darasani. Yeye mwenyewe alijua wangapi. Aliyasema kwa sababu yalikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa amemwahidi Habibah kwamba ada italipwa.

"Anaweza kuwa ameketi," Nulu alisema.

"Anaweza, dada."

"Simu yake anaiweka hapa." Aligusa kifua chake, juu kidogo ya moyo. "Shakul, si anaiweka hapa?"

Shakul aliinamisha kichwa. "Sote tunaiweka hapo, mama. Ikilia tunaitazama."

"Hata mkiwa juu?"

"Hata tukiwa juu."

Nje mtu alikuwa akipita akiuza mkaa, akitaja bei mpya, na mwanamke mmoja akimjibu kwa matusi.

"Mimi nilikuwa na Adrisi mpaka akakata roho," Nulu alisema. "Wanawake sita walinishika mikono, na hata hivyo nilianguka. Mtoto wangu ashikwe na nani? Na kamba?"

Habibah hakulia. Alisimama mlangoni, mgongo kwa watu. "Mama, ni mwaka mzima."

"Najua."

"Wenzangu watakuwa wameshamaliza."

"Najua, Habibah."

Hakumwita aje akae karibu, wala hakumwambia kwamba Mungu atafungua njia nyingine. Njia nyingine zilikuwa zimekwisha kupitiwa. Mbuzi waliliwa matangani. Majirani walichanga kwa sanda na hawakuwa na cha kuchanga tena. Mwalimu mkuu aliombwa jana, akasema akimruhusu mmoja atawaruhusu mia. Nulu alisukuma kidau cha wino kikarudi mbele ya ndugu yake.

"Na huu wino umeulipia?"

"Nimelipia."

"Pole."

Adhana ya alasiri ilisikika. Wanaume walikwenda kuswali uani. Waliporudi, Magid aliona fomu bado iko mkekani, ina muhuri na sahihi, haina dole. Hakuna aliyeigusa.

Shakul ndiye aliyesema kwanza. Alisema yeye hawezi kuwa mdomo wa msiba huu. Akifika kule mikono mitupu na kumwambia Ibra, Ibra atauliza mbona mama hakusema, mbona mjomba hakusema. Lakini akipewa barua ya familia, ataibeba. Kambini kwao kuna mzee Msudani anayewaswalisha. Atamchukua huyo mzee, watamketisha Ibra kitandani baada ya swala ya isha, watamwambia, kisha watampa barua asome. Na hati ya kifo iwemo humo humo. Ibra mwenyewe akishatulia ataweza kuomba pesa zirudi, kwa mkono wake, kwa wakati wake.

"Lini?" Habibah aliuliza.

"Nafika kesho usiku."

Orodha ya mtihani ingekuwa imefungwa tangu mchana.

Magid aliitisha karatasi. Yeye alijua kuandika, lakini mikono iliyozoea magunia iliandika pole na kubwa, na basi la Shakul lilikuwa karibu. Nyumba nzima ilijua ni nani mwenye mwandiko mzuri. Hakuna aliyemwomba. Habibah alikaa chini, akafungua mkoba wa shule, akachana karatasi mbili katikati ya daftari, akaweka kitabu cha jiografia magotini.

"Sema, mjomba."

Magid alisema taratibu, na yeye akaandika.

*Ibra mwanetu. Ukisoma barua hii, Shakul ameketi karibu nawe na mzee wenu wa kambi. Kama hawapo, usiendelee kusoma. Waite kwanza.*

*Baba yako ametangulia mbele ya haki. Alifariki nyumbani, kitandani kwake, si kwa shida, mama yako akiwa amemshika mkono. Tumemzika Mbale. Madeni yake yote yamelipwa mbele ya mashahidi. Hatukukwambia kwa sababu hukuwa na mtu wa kukushika, si kwa sababu tulikudharau. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi mjomba wako.*

Hapo Magid alifuta pua kwa kiganja. Nulu alimwambia aendelee. Alieleza habari ya laini kufungwa na hati iliyomo ndani ya bahasha. Alimtaka Ibra siku nyingine atume kwa nambari yake yeye Magid, na kama lazima iwe kaunta ya gharama kubwa, iwe hiyo, mradi pawepo mtu wa kuulizwa.

"Kuhusu mtihani niandike nini?" Habibah aliuliza bila kuinua macho.

"Andika unamsalimia," mama yake alisema. "Asibebeshwe na hilo."

Habibah aliandika. Kalamu ilikwenda muda mrefu kuliko salamu. Alipomaliza, Magid aliichukua barua kuisoma kabla ya kuikunja, kama inavyotakiwa kwa barua inayotoka kwa mzee wa familia. Mwishoni, chini ya salamu, binti alikuwa ameongeza: *Pesa zikirudi kwako, usiharakishe kuzituma. Mtihani wangu umepita. Mwakani upo mwingine. Lia kwanza.*

Magid aliyasoma maneno hayo mara mbili. Nulu alimwuliza kama barua iko sawa. Alisema iko sawa.

Barua na hati ya kifo zilitiwa kwenye bahasha, lakini gundi yake ilikuwa imekauka, kama bahasha za duka la mtaani zilivyo siku zote. Habibah alikwenda jikoni, akarudi na posho kidogo, ugali uliobaki mchana, kwenye ncha ya kidole. Aliisugua kwenye maji mpaka ikawa laini, akaipaka ukingoni, akakunja, akabana kwa kiganja juu ya kitabu cha jiografia, akahesabu kimoyomoyo. Magid alitaka kumsaidia kubana. Habibah alitikisa kichwa.

Boda ya Shakul ilikuwa imefika, dereva akiita kutoka barabarani kwamba basi halimngoji mtu. Shakul alimwinamia Nulu, akampa mkono Magid. Alifungua begi lake, akatoa shati lililokunjwa, ili barua ikae katikati bila kupindika.

Habibah aliijaribu bahasha kwa ukucha. Ilikuwa imeshika. Akaandika juu yake jina la kaka yake, na chini ya jina, *Isomwe akiwa ameketi*. Kisha akaiweka mwenyewe ndani ya shati, na Shakul akafunga begi akatoka.